Mwendo Uliotulia: Kumchora Mama wa Dagaa Mpaka Atembee

Mchoro mmoja mmoja ukiutazama, kazi ni nzuri. Mama ametoka mwaloni Kibirizi, Kigoma, beseni la dagaa kichwani, kitenge kiunoni, mguu wa kulia mbele. Mchoro wa pili nao mzuri, wa tatu mzuri, mpaka wa kumi na sita. Kisha unaicheza video. Mama anatetemeka kama mwenye homa, mkono unarefuka na kufupika, nyayo zinateleza kama amekanyaga sabuni, na kila baada ya hatua mbili anajikwaa mahali pasipo na jiwe.

Anayeanza huamini kwamba hajui kuchora. Basi hurudia michoro yote kumi na sita kwa uangalifu zaidi, na mama anatetemeka vilevile. Kuchora anajua. Asichokijua bado ni kwamba mtazamaji wa katuni hatazami michoro, anatazama tofauti iliyopo kati ya mchoro na mchoro. Milimita moja ambayo karatasini hakuna anayeiona, kwenye skrini inakuwa tukio. Na tofauti hizo zina maradhi mengi yenye dalili zinazofanana na tiba zisizofanana kabisa. Mtetemo unaotokana na karatasi kuhama hauponi kwa kuchora vizuri zaidi, kama vile minyoo isivyopona kwa dawa ya malaria. Ndiyo maana inafaa kumchukua mama huyu mmoja, kumpima, na kumtibu ugonjwa mmoja kwa wakati.

Hesabu kabla ya penseli

Sinema huenda kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, ambao ndio tuliouzoea Tanzania, huenda kwa 25, na simu nyingi hurekodi kwa 30. Si lazima kila fremu iwe na mchoro wake. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, sekunde moja ya fremu 24 inahitaji michoro 12, na kwa mwendo wa kawaida jicho halidai zaidi ya hapo. Huko ndiko kuchora kwa mbili. Kuchora kwa moja, yaani michoro 24 kwa sekunde, huwekwa akiba kwa vitu vinavyokwenda kasi sana. Sekunde kumi kwa mbili ni michoro 120, na ni vizuri kuijua hesabu hiyo kabla hujamwahidi mtu tangazo la dakika moja.

Chagua fremu 24 mwanzoni na usibadilishe katikati. Kosa linalowaumiza wengi hutokea mwisho kabisa, wakati wa kutoa video. Kazi imechorwa kwa 24, programu imeachwa kwenye 30. Ili ipate fremu 30, programu inarudia fremu moja katika kila nne. Matokeo yake, mchoro mmoja unakaa fremu mbili, unaofuata tatu, unaofuata mbili, unaofuata tatu. Mama anachechemea, na ukikagua michoro huoni hata mmoja wenye kasoro, kwa sababu kweli hauna. Kagua namba hiyo kabla ya kushika kifutio.

Karatasi, kamera na taa

Kuna kipimo kimoja rahisi kinachotenganisha maradhi mawili makubwa. Chora msalaba mdogo kwenye kona ya karatasi ya kwanza, kisha unakili msalaba huohuo kwenye kila karatasi kupitia mwanga. Piga picha zote, cheza. Msalaba ukitetemeka pamoja na mama, kinachohama ni karatasi au kamera. Msalaba ukitulia na mama akatetemeka, hapo ndipo uanze kuulaumu mchoro. Ni kipimo cha dakika kumi, nacho huokoa wiki nzima.

Dawa ya karatasi kuhama ni ya zaidi ya miaka mia: vigingi. Raoul Barré, mchoraji wa Canada aliyefungua studio ya katuni New York mwaka 1914, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutoboa karatasi na kuzishika kwa vigingi, ili kila mchoro ukae palepale ulipokaa mwenzake. Vigingi vya kiwandani vina bei, lakini mashine ya kawaida ya kutobolea karatasi za ofisini inatosha. Hutoboa matundu mawili ya kipenyo cha milimita 6, yakiwa yameachana sentimita 8 katikati hadi katikati. Mpelekee fundi wa kuchomelea bapa la chuma lenye urefu wa sentimita 20, akusimamishie juu yake vipande viwili vya nondo laini ya milimita 6 kwa umbali huo huo, kila kimoja kikiinuka milimita 8 hivi. Ncha zisuguliwe kwa tupa na msasa mpaka karatasi iingie bila kusukumwa na isicheze ikishaingia. Bolti usitumie, kwa sababu nyuzi zake hula matundu, na baada ya kuvua na kuvika karatasi mara kumi tundu limekuwa yai.

Toboa karatasi tano kwa mkupuo, zisizidi. Ukibana ishirini, za chini husukumwa pembeni wakati meno yanashuka na matundu yake hayatalingana na ya juu. Tumia karatasi za pakiti moja, na zikae chumba kimoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka. Msimu wa mvua, karibu na ziwa, karatasi iliyolala mezani wiki nzima haina kipimo sawa na iliyotoka kwenye pakiti leo.

Meza ya mwanga ni kioo juu ya sanduku lenye taa ya LED ndani, na umeme ukikatika kioo cha dirisha kinatosha kwa saa chache. Simu ifungwe kwenye stendi iliyoshikizwa na meza, siyo kulazwa juu ya vitabu. Funga fokasi na funga mwanga kwenye kamera, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe kila picha na video itameta. Usipige kwa mwanga wa dirisha, maana wingu moja likipita juu ya ziwa utaliona kwenye mama. Subiri usiku, washa taa mbili pande mbili. Na usiiguse simu wakati wa kupiga. Tumia kitufe cha sauti cha spika za masikioni, au weka kuchelewa kwa sekunde mbili.

Anayechora moja kwa moja kwenye programu hukwepa yote haya. Krita, Pencil2D, OpenToonz na Blender ni za bure kwenye kompyuta, na kwenye simu wengi huanza na FlipaClip. Zote zina uwezo wa kuonesha mchoro uliotangulia kwa rangi hafifu chini ya unaochora. Lakini maradhi yanayofuata hayakwepeki kwa programu yoyote.

Umbo linalovimba

Ukinakili mchoro wa 2 kutoka wa 1, wa 3 kutoka wa 2, na kuendelea hivyo, kosa la nusu milimita linapita kama habari inayopita midomo kumi na sita. Mwisho mama ameongezeka karibu sentimita moja, na mzunguko unaporudi mwanzo anasinyaa ghafla.

Kwa hiyo usipime mchoro kwa jirani yake. Upime kwa mchoro wa mfano. Tengeneza karatasi moja ya vipimo: mama amesimama, mbele, ubavu na nyuma, urefu tuseme sentimita 16. Gawa urefu huo kwa vichwa. Andika goti liko wapi, kiuno wapi, na beseni lina upana wa vichwa vingapi. Halafu kata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, uwekee alama za urefu wa paja, muundi, mkono wa juu na mkono wa chini. Ukanda huo ukae mezani muda wote, na kila mchoro upimwe nao kabla haujasafishwa. Nguo na maua ya kitenge yaje baadaye. Kinachopaswa kulingana kwanza ni mifupa.

Mkono unaofupika una sababu yake, nayo ni nzuri kuielewa vizuri kwa sababu ni mtego wa hesabu. Mkono wa mama, begani hadi kifundo, ni sentimita 6, na unayumba kutoka nyuma hadi mbele kwa digrii 60. Umechora ncha mbili. Sasa unazibandika juu ya mwanga na kuchora mkono wa katikati pale macho yanapoona katikati: nusu ya njia kati ya kifundo hiki na kile, kwa mstari ulionyooka. Pima mkono huo wa katikati. Una sentimita 5.2. Milimita 8 zimepotea, kwa sababu kifundo hakipiti mstari ulionyooka, kinapita tao, na wewe umekata njia ya mkato chini ya tao. Video ikienda, mkono unafupika katikati ya kila hatua na kurudi, kama mtu anayepumua kwa mkono. Programu zinazojaza michoro ya kati zenyewe hufanya kosa hilohilo ukiziacha zivute nukta kwa mstari ulionyooka badala ya kuzungusha mkono begani.

Tiba: kabla ya kuchora mkono wowote wa kati, chora tao lenyewe kwa penseli ya rangi hafifu, kituo chake bega. Kifundo kitue juu ya tao, popote kinapotua. Karibu kila kiungo cha kiumbe hai huenda kwa tao, kwa kuwa kila mfupa umefungwa mahali na unazunguka. Hata pua ya mtu anayegeuka kutazama upande wa pili hushuka kidogo katikati ya safari.

Muda mmoja, nafasi tofauti

Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo, na ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Muda ni fremu ngapi tendo zima linachukua. Nafasi ni umbali ambao kitu kinaruka kutoka mchoro mmoja hadi unaofuata. Ukimwambia mtu mwendo wake hauna uhai, jambo la kwanza atakalofanya ni kuongeza au kupunguza fremu. Mara nyingi muda wake ulikuwa sahihi, na kilichokosewa ni nafasi.

Chukua embe la Ujiji kwenye tawi lililoinama, mita 1.25 kutoka chini. Likichomoka linafika ardhini kwa nusu sekunde, yaani fremu 12. Kwa mbili, ni michoro sita baada ya ule ambao embe linaning'inia. Karatasini safari hiyo ina sentimita 18. Asiyejua atagawa 18 kwa 6 na kulishusha embe sentimita 3 kila mchoro. Embe hilo halitaanguka, litateremshwa kwa kamba. Kitu kinachoanguka huongeza kasi, na nafasi zake hufuata namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Jumla yake ni 36, kwa hiyo fungu moja ni nusu sentimita, na nafasi zinakuwa sentimita 0.5, 1.5, 2.5, 3.5, 4.5 na 5.5. Muda ni uleule wa fremu 12, lakini sasa embe lina uzito.

Linaibuka tatizo jingine hapohapo. Kwa kipimo hicho embe lenyewe lina urefu wa sentimita 1.5 hivi karatasini, na mwishoni linaruka 5.5. Kitu kinachoruka mbali kuliko mwili wake mara mbili tatu hakionekani kikienda. Kinaonekana kikizimika hapa na kuwaka pale. Kwa hiyo sehemu ya mwisho uchore kwa moja, ukiongeza mchoro katikati ya nafasi mbili za mwisho, kila mmoja ukiwekwa milimita moja juu ya katikati kwa kuwa embe bado linaongeza kasi. Unaweza pia kulirefusha embe kidogo kuelekea linakokwenda. Ukilirefusha, lipunguze unene. Nyama ya embe haiongezeki hewani, na likivimba jicho linalikana mara moja.

Rudi kwa mama. Anatembea na mzigo, kwa hiyo mpe fremu 16 kwa hatua, ambayo ni kama hatua 90 kwa dakika. Mkono wake unayumba digrii 60 ndani ya fremu hizo 16, michoro minane kwa mbili. Mkono unaoyumba ni bembea: unachelewa kwenye ncha, unakimbia katikati. Nafasi zake kwa digrii ni takriban 2, 7, 10, 11, 11, 10, 7, 2. Kwa mkono wa sentimita 6, digrii moja ni kama milimita moja kwenye kifundo, basi unaweza kuzisoma namba hizo kama milimita kwenye tao na kuzipima kwa rula.

Mguu uliokanyaga ni kinyume kabisa. Hatua ya mama huyu ni milimita 64. Ukimchora anatembea papo hapo huku mandhari ikirudi nyuma, unyayo uliogusa ardhi lazima urudi milimita 64 kwa fremu 16 hizohizo, na kila nafasi iwe sawa: milimita 8 kwa mchoro, bila kuchelewa mwanzo wala mwisho. Ardhi haina bembea. Umeona hapo: kifundo na unyayo vinasafiri karibu umbali mmoja kwa muda mmoja, lakini ukivipa nafasi za aina moja, kimojawapo kitakuwa cha uongo. Mkono wenye nafasi sawasawa unakuwa wa mashine ya kufyatulia matofali. Unyayo wenye nafasi za bembea unateleza. Kule kukanyaga sabuni tulikokuona mwanzoni chanzo chake ni hicho.

Njia ya zamani ya kujiwekea nafasi ni mstari mfupi pembeni mwa karatasi, ncha zake mbili zikiwa mikao miwili mikuu, na vialama katikati vinavyoonesha kila mchoro wa kati unakaa wapi: nusu, robo, thumni. Mchoro wa nusu huchorwa kwanza, kisha wa robo kati ya nusu na ncha, kisha wa thumni kati ya robo na ncha. Vialama vikisongamana karibu na ncha, kitu kinapunguza kasi kinapofika hapo. Andika mstari huo kabla ya kuchora mchoro wowote wa kati. Ukishachora, macho yatakudanganya kupenda ulichokwisha kufanya.

Mikao minne, na kujikwaa

Hatua moja ina mikao mikuu minne. Fremu 1 ni kugusa: kisigino cha mbele kimefika ardhini, miguu imetanuka kuliko wakati wowote. Fremu 5 ni kushuka: unyayo wote uko chini, goti limekunjika, uzito umeingia. Fremu 9 ni kupishana: mguu uliosimama umenyooka, wa pili unapita kando yake. Fremu 13 ni kupanda: mwili uko juu, kisigino cha nyuma kinasukuma. Fremu 17 ni kugusa tena, kwa mguu mwingine. Chora mikao hiyo minne, kisha minne ya hatua ya pili, uicheze peke yake kila mmoja ukikaa fremu nne. Kama mama hatembei hapo, michoro ya kati haitamsaidia. Ndipo uongeze fremu za 3, 7, 11, 15 na kuendelea mpaka 31. Jumla michoro 16.

Fremu 33 ni mchoro wa 1. Usiuchore tena. Wengi hufunga mzunguko kwa kunakili mchoro wa kwanza mwishoni, ukionekana mwisho na mwanzo kwa kufuatana, kwa hiyo mkao mmoja unakaa fremu nne badala ya mbili. Ule ndio ule mjikwao wa kila hatua mbili.

Hatua ya pili inafanana na ya kwanza, miguu ikibadilishana, lakini usiigeuze tu. Fundo la kitenge liko upande mmoja, na mkono ulioshika ukingo wa beseni ni mmoja.

Mandhari nayo ina sheria yake. Kama mama amechorwa kwa mbili na ardhi unaivuta kila fremu milimita 4, basi fremu moja unyayo umesimama wakati ardhi inaondoka chini yake, fremu inayofuata unyayo unaikimbilia. Mtetemo huo ni mdogo na unaudhi sana. Ivute ardhi kwa mbili pia, milimita 8 kila fremu mbili, au mchore mama kwa moja, michoro 32. Na ukimpitisha kando ya Reli ya Kati inapoishia pale stesheni ya Kigoma, angalia mataruma. Yakiwa yameachana milimita 8 karatasini na ardhi inasogea milimita 8, kila taruma linatua mahali pa mwenzake na reli inaonekana imesimama wakati nyumba nyuma yake zinakwenda. Yaachanishe milimita 20 au zaidi.

Nukta za beseni

Ukaguzi mmoja unashinda kila ukaguzi mwingine. Kwenye kila mchoro weka nukta ya rangi moja katikati ya ukingo wa beseni, rangi nyingine kwenye nyonga, nyingine kwenye kifundo cha mkono unaoyumba. Weka karatasi tupu juu ya vigingi na unakili nukta zote kumi na sita za kila rangi, kila moja na namba yake. Kwenye programu, fungua tabaka jipya ufanye hivyohivyo. Sasa unaona mwendo wenyewe bila mama. Nukta za nyonga zipande na kushuka kwa ulaini. Za kifundo zilale kwenye tao, zimesongamana kwenye ncha na kuachana katikati. Nukta moja ikitoka nje ya mstari, mchoro wenye namba hiyo ndio mgonjwa, na wengine kumi na tano usiwaguse.

Nukta za beseni ndizo zinazoeleza kama mchoraji amewahi kumtazama mama wa dagaa au amenakili mwendo wa kitabu. Mtu asiye na mzigo, akiwa na urefu wa sentimita 16 karatasini, mpe kichwa kinachopanda na kushuka milimita 6 hivi. Mama mwenye beseni mpe 2. Magoti na nyonga zake zinameza kupanda na kushuka kabla hakujafika shingoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya ulionesha kwamba waliozoea, Wajaluo wakibeba kichwani na Wakikuyu mgongoni kwa mkanda wa kichwani, waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mwendo wa namna hiyo una ufundi, na katuni inayomrusharusha mama kichwa juu na chini pamoja na beseni inamnyima ufundi wake. Magoti yakunjike zaidi kwenye kushuka, hatua ifupishwe kidogo, nyonga ziende pembeni, shingo isimame. Nukta za beseni zikae karibu usawa mmoja.

Kinachofuata nyuma

Mwili ukishatulia ndipo uchore kitenge, na hiki hakichorwi kwa mikao mikuu. Kichore kwa kufuatana, mchoro wa 1, wa 2, wa 3, kila mmoja ukitazama nyonga zilikuwa wapi kitambo kidogo kilichopita. Pindo la kitenge lichelewe fremu 4 nyuma ya nyonga, ncha ya chini kabisa fremu 6 mpaka 8. Nyonga zikiwa zimekwisha kugeuka kulia, ncha bado inamalizia kwenda kushoto. Kwa kuwa ni mzunguko, mchoro wa 16 lazima uelekee kwenye wa 1, hivyo ukifika wa 13 anza kuutazama mwanzo. Beseni lisichelewe hata kidogo. Likichelewa nyuma ya kichwa linakuwa la plastiki tupu.

Akifika sokoni Mwanga na kusimama, kuna kosa la mwisho. Ukiacha mchoro mmoja ukae sekunde mbili, mama anakuwa picha ya ukutani. Ukichora upya kila fremu mbili, mistari inachemka. Nakili mkao uleule mara tatu kwa mkono mtulivu, uzungushe nakala hizo 1, 2, 3, 1, 3, 2, kila moja fremu mbili, na mstari utapumua bila kuchemka. Kabla ya hapo, mwache asimame kwa vipande. Miguu na nyonga vinasimama kwanza. Fremu 4 baadaye mkono uliokuwa unayumba unafika mwisho na kurudi kidogo. Pindo la kitenge linapita mbele ya miguu, linarudi, linapita tena kwa nusu ya umbali wa kwanza, na ncha yake inatulia kama fremu 12 baada ya nyonga. Beseni lilisimama zamani, fremu ileile kilipoishia kichwa.